Machela Isimame

Mwandiko wangu ndio ulioniponza. Tangu shule ya msingi walimu walikuwa wananipa chaki niandike ubaoni badala yao, na mtu akisifiwa mno kwa jambo dogo huanza kudhani ana akili kubwa. Kwa hiyo siku tulipoitwa semina Kibondo mjini, sisi tuliokuwa tunaendesha zahanati za vijijini, kila mmoja akapewa karatasi nne aeleze zahanati yake itajiandaaje ikija homa kubwa ya mafua, mimi niliomba karatasi za ziada.

Ilikuwa miaka ya tisini, kambi za wakimbizi zimejaa pande zetu zote, na kila ugonjwa uliotajwa redioni tuliuona uko njiani unakuja kwetu. Kipindupindu tulishakijua. Surua tuliijua. Sasa mwezeshaji, daktari mmoja mpole mwenye miwani, akatuambia habari za mafua yanayoweza kuzunguka dunia na kulaza kijiji kizima kwa wiki moja. Redio nayo ilikuwa imetangaza kwamba huko Asia watu wameambukizwa mafua na kuku. Tulicheka. Mafua! Mtu wa kwetu Buha anaumwa mafua na jembe liko begani. Daktari hakucheka. Aliuliza tu, "Na wewe nesi ukilala siku hizo hizo, nani atafungua mlango wa zahanati?" Tukachukua kalamu.

Zahanati yangu ilikuwa upande wa Busunzu, kijijini kwetu kabisa, nilikozaliwa. Tulikuwa wawili, mimi na mhudumu mmoja wa makamo aliyefagia, aliyefunga vidonda, na aliyegombana nami kila Jumatatu. Niliandika mpango huku nikimwona yeye na lile benchi letu moja bovu. Nikaandika kwamba wanaokohoa wakae nje chini ya upenu na wasiokohoa wakae ndani. Nikaandika ndoo yenye bomba, na sabuni ya mche ikatwe vipande. Nikaorodhesha wazee wanaoishi peke yao, maana mtu wa namna hiyo anaweza kulala siku tatu bila jirani kujua. Nikaandika mazishini wasizidi watu sita. Nikaandika hata juu ya salamu. Kwetu salamu si kitu cha kupunga mkono na kupita. Mnashikana mikono, mnashikana viwiko, mnaulizana habari za watu, mifugo na mashamba, na muda wote huo pua ziko karibu. Nikaandika watu wasalimiane kwa mbali. Aliyesoma pale semina alicheka mpaka akavua miwani.

Halafu nikafika kwenye machela.

Kwa asiyepajua kwetu, machela ndiyo gari letu la wagonjwa. Ni kitanda kilichosukwa, kina miti miwili mirefu, kinabebwa mabegani na wanaume wanne huku wengine wanne wakifuata kupokezana. Kila kitongoji kina machela yake na kiongozi wake mwenye pembe. Pembe ikilia, kila nyumba itoe mwanamume. Asiyetoka analipishwa mtungi wa pombe ya ndizi, lakini pombe si kitu. Adhabu yenyewe ni kwamba siku yako ikifika, pembe italia na hakuna atakayeacha jembe. Ndiyo maana nimewaona wanaume wakitoka kubeba na homa zao, wanatetemeka, na mke anashika koti mlangoni anasema baba fulani rudi, na yeye harudi ng'o. Njiani wanakunywa kibuyu kimoja kwa mrija mmoja. Nikawaza kwamba mafua yakipanda machela moja, yatashuka na kitongoji kizima.

Basi nikaandika kwa herufi kubwa kuliko zote: "Machela isimame mpaka mafua yapite. Nesi atawafuata wagonjwa nyumbani."

Mpango wangu ulisomwa mbele ya semina nzima. Wengine waliambiwa waunakili. Nilirudi kijijini kifua mbele, na leo ningekutana na yule mimi wa siku ile ningempiga kofi.

Kwenye mkutano wa kijiji, kiongozi wa machela wa kitongoji chetu ndiye aliyesimama kupinga. Alikuwa mkulima wa migomba, mfupi, mwenye mdomo mkali kama wangu, na labda ndiyo sababu hatukuwahi kuelewana. "Nesi, mwanangu," alisema, "machela haijasimama tangu enzi za babu yangu."

"Babu yako hakupata semina, mzee," nikamjibu.

Watu walivunjika mbavu. Yeye hakucheka. Aliuliza kama nina hakika, nikasema ninayo, akasema sawa, amekubali mbele ya watu wote, na pembe ataitundika ndani kwake mpaka mimi mwenyewe nitakaposema. Nilidhani nimeshinda.

Jioni ile nilipita kwa kaka yangu. Wifi yangu alikuwa uani anapukuchua maharage, tumbo limetangulia mbele yake. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi kabla hajazaliwa, yeye akazaliwa na kukulia kwetu, na alikuwa mtu wa kucheka. Ukimsikia ng'ambo ya bonde unajua ni yeye. Lakini mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekufa, mikononi mwangu, na baada ya hapo alikaa miaka minne bila kushika mimba. Mimba ile nilikuwa naihesabu kwa siku. Nilimwambia kaka yangu kila nilipomwona, mara hii mtoto lazima alie.

"Nasikia umeandika kitabu," wifi alinitania. "Umewaweka wanaokohoa, umewaweka vikongwe, umeweka mpaka sabuni. Mimi na hili tumbo umetuweka ukurasa gani?"

"Wewe si mafua," nikamwambia.

"Haya, nimesikia. Mimi si mafua." Akacheka, akanirushia punje ya maharage, nikaidaka.

Mafua yalikuja pamoja na zile mvua za El Nino ambazo kila mtu wa umri wangu anazikumbuka. Sijui kama yalikuwa yale ya dunia nzima aliyoyasema daktari au ni mafua tu yaliyopata watu wamelowa na wamebanana ndani, lakini yalikuja kwa nguvu. Shule ilibaki na madarasa matupu. Mhudumu wangu alilala siku ya tatu, nikabaki peke yangu na wagonjwa wa nje na wa ndani. Na kwa kweli mpango ulifanya kazi. Ndoo ilikuwa mahali pake. Wazee wa kwenye orodha niliwapitia kila asubuhi na chupa ya uji. Nilizunguka kwenye tope mpaka sauti ikanikauka, nikawa naelekeza watu kwa vidole, na hasira zangu, ambazo hata nikiwa mzima si haba, zikawa zinatokea machoni. Siku kumi zilipita na hakuna aliyenifia pale zahanati. Nilianza kuitunga kichwani taarifa nitakayoipeleka wilayani.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja wifi alikuja kwa miguu, ameshikwa mkono na kaka yangu ambaye mwenyewe alikuwa anawaka homa. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Nilimlaza, nikamwosha, nikampima, na nilipoangalia vizuri nikaona kiganja kidogo cha mtoto kimetangulia. Mtoto amekaa kingamo, amelala kukingama tumboni. Mkunga yeyote anajua kwamba hapo hakuna la kusukuma wala la kuvuta. Hapo ni kisu cha hospitali, na mapema, la sivyo unapoteza wawili.

Kwetu hakukuwa na simu ya upepo, na kalavati la chini ya kijiji lilikuwa limechukuliwa na maji, gari lisingeweza kuingia wala kutoka. Kilichobaki ni kumbeba mpaka barabara kuu, mwendo wa saa nyingi kwa mguu, ambako malori ya chakula cha kambini yalikuwa bado yanapita. Wifi aliniangalia usoni. Hakuwa anacheka. "Wifi," aliniambia, "huyu naye asife."

Nilikimbia kwa kiongozi wa machela, kandambili zangu nikaziacha kwenye tope. Nilimkuta kizingitini ananoa panga. Hata salamu sikumpa.

"Mzee, piga pembe."

"Machela imesimama," alisema bila kuinua kichwa.

"Naifungua. Ulisema mpaka mimi niseme, nami nasema. Ni mke wa kaka yangu, mtoto amekaa vibaya."

Akaliweka panga chini. "Kumbe inafunguka," alisema. "Juzi ilikuwa haifunguki."

Nikamuuliza juzi kumetokea nini. Akanieleza taratibu, na ule utaratibu wake uliniumiza kuliko kama angenifokea. Kwenye kilima cha pili kulikuwa na bibi mmoja aliyeishi na mwanawe, mfyatua matofali. Tumbo lilimfunga, akawa anatapika. Mwanawe alikuja zahanati kuniita, maana niliandika kwamba nitawafuata wagonjwa nyumbani. Alipoona siji, akaenda kwa mzee kuomba machela. Mzee akamwambia imefungwa na nesi. Bibi alikufa jioni.

"Hakuja," nikasema. "Angekuja ningekwenda."

"Alikuja. Ulimwambia asubiri zamu yake."

Hapo nikamkumbuka. Mungu wangu, nilimkumbuka mpaka kofia yake, aliyokuwa ameishika kwa mikono miwili. Alisimama katikati ya mlango, si nje wala ndani, akaanza kusema "nesi, mama yangu", nami kwa ile sauti yangu ya kukwaruza nikamkaripia: kama hukohoi nenda kakae ndani, kama unakohoa toka nje, na kila mtu hapa ana mama. Akaenda akakaa. Nilipoinua tena kichwa hakuwepo, nikadhani amechoka kungoja. Mama yake hakuwa kwenye orodha yangu, kwa sababu orodha ilikuwa ya wazee wanaoishi peke yao, na yeye alikuwa na mtoto.

"Mbona sikusikia msiba?" nikauliza.

"Ungesikiaje? Waliozika walikuwa watu sita tu, kama ulivyoagiza. Asiyekuwepo na lake halipo, nesi. Mpango wako uliupanga bila yeye."

Nikamwomba tena apige pembe. Akasema hawezi. Hakuwa ananikomoa, alikuwa ananieleza kanuni ambayo nami niliijua tangu utoto na nilikuwa nimejisahaulisha. Kama kuna mtu amenyimwa machela, pembe haipigwi tena mpaka aliyenyimwa akubali. Vinginevyo itakuwa machela ya wenye ndugu wakubwa. "Nenda kwake," alisema. "Mimi navaa, nitakuwa tayari."

Kilima cha pili hakiko mbali, lakini siku ile kilirefuka. Niliwaza niseme nini. Niliwaza niseme nilikuwa nimechoka, kwamba nilikuwa peke yangu, kwamba ni mafua, ni mvua. Yote yalikuwa kweli na yote hayakufaa.

Nilimkuta anapalilia maharage pembeni mwa kaburi bichi. Nilipiga magoti kwenye tope, si kwa salamu ya wanawake tu. Nikamwambia, "Nimekosa. Ulikuja nikakufukuza, na machela niliifunga mimi. Mama yako amekufa kwa sababu yangu. Sina cha kukulipa. Na leo nimekuja kukuomba."

Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari. Mimi nilikuwa nasikia kichwani uchungu wa wifi ukija na kupita, nikawa nauhesabu.

"Ni nani?" aliuliza.

"Wifi yangu. Mtoto amekaa kingamo."

"Yule anayecheka?"

"Yule yule."

Aliliegemeza jembe kwenye mgomba, akanawa mikono kwenye dimbwi. "Mwambie mzee apige," alisema, lakini hakungoja nimwambie mtu. Alinipita mbio, akafika yeye kwanza, na kabla sijamaliza kuteremka kilima nikaisikia pembe.

Walitoka kumi na tatu. Niliwapanga uani pa zahanati nikiwa nahema, nikawauliza mmoja mmoja, nikawapapasa vipaji vya nyuso. Wanane walikuwa na homa, na walikuwa wametoka hivyo hivyo, mmoja anakohoa mpaka ameinama. Niliwaambia warudi wakalale, na hakuna atakayelipishwa mtungi wala kuandikiwa deni la kubebwa. Hawakuamini mpaka mzee aliporudia maneno hayo kwa kinywa chake. Kaka yangu aligoma. Alishika mti wa machela akasema mke ni wake. Nilimbandua vidole kimoja kimoja, nikamwambia akimkoholea mkewe aliyepasuliwa atamzika yeye mwenyewe. Alikaa chini mlangoni akalia, nami nilimpita. Sikuwa na jinsi.

Wazima walikuwa watano pamoja na mzee. Kubeba ni wanne, na wanne hawawezi mwendo ule bila kupokezana. Nikajifunga kanga kiunoni, nikashika mti wa nyuma.

"Mwanamke habebi machela!" mzee alimaka.

"Basi isimame?" nikamuuliza.

Alinitazama, akatema mate pembeni, akashika mti wa upande wangu wa pili. Kila mtu alifunga kitambaa puani na kila mtu alibeba kibuyu chake mwenyewe. Tukaenda.

Sitaki kuisimulia njia yote. Mabega yangu yana kovu mpaka leo. Wifi alikuwa kimya, na mimi kila mara nilikuwa namwita ili anijibu, na akichelewa kujibu nilikuwa namwita tena. Kwenye kalavati tulipita maji ya kiunoni, machela juu ya vichwa. Mfyatua matofali alikuwa mbele yangu, upande wa kulia, na muda wote hakukubali kupokelewa. Tulipopanda mwinuko wa mwisho kabla ya barabara, alisema kitu bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa, akidhani labda anajisemea mwenyewe.

"Mama alikuwa mwepesi," alisema. "Wawili tu wangetosha."

Nililia pale chini ya mti wa machela, na sikuwa na mkono wa kujifuta.

Lori lilisimama. Dereva hakuuliza swali, alifungua nyuma tu. Hospitali walimpasua wifi kabla ya jua kuzama, na mtoto akalia. Msichana, mkono mmoja umevimba na kubadilika rangi, lakini alilia, na mimi nilikaa sakafuni kwenye korido nikamsikiliza mpaka muuguzi wa zamu akaniuliza kama naumwa. Siku ya pili wifi alifumbua macho vizuri akanitafuta. "Haya," alisema kwa kisauti kidogo, "sasa niandike, maana nami nimefika."

Nilimwandika. Niliporudi tulikaa wanne, mzee wa pembe, mfyatua matofali, mhudumu wangu aliyepona na mimi, tukaupanga mpango upya, na mara hii niliandika walichosema wao. Machela haisimami. Mwenye homa anasamehewa kutoka, na asiyetoka kwa homa hadaiwi. Kila mbebaji na kibuyu chake. Kitongoji kikizidiwa, kitongoji jirani kinapiga pembe yake. Nesi akiwa peke yake, awepo mtu mlangoni wa kuuliza kila anayeingia, umekuja kwa ajili ya nani? Hili la mwisho lilikuwa la mfyatua matofali. Alilisema akitazama mikono yake.

Mwisho wa mwezi nilijaza fomu ya vifo. Nilimwandika bibi: umri, kitongoji, jinsia. Nikafika kwenye safu ya sababu. Ningeweza kuandika tumbo, na lisingekuwa kosa, tumbo lilikuwepo. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukakauka kwenye ncha. Halafu nikaandika: Hakubebwa.

Fomu ilirudi baada ya wiki tatu. Mtu alikuwa amelizungushia neno langu duara kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Sababu hii haimo kwenye orodha. Rekebisha." Nilichukua fomu mpya. Nikanakili kila kitu polepole, kwa ule mwandiko wangu mzuri, umri, kitongoji, jinsia, na kwenye safu ya sababu nikaandika neno lile lile, nikairudisha.